Sauti za Walimu Wetu na Amana ya Kuzinakili

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Jumuiya, Buyenzi, Bujumbura, siku ya kumbukumbu)



Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha siku ya leo katika afya na salama, na namuomba amshushie rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, nimetakiwa na wakubwa wa Jumuiya niseme maneno machache katika jambo ambalo huenda baadhi yenu mkastaajabu kulisikia katika kinywa cha mwalimu wa chuoni. Jambo lenyewe ni zile sahani za CD zilizomo katika kabati letu: namna ya kuzitoa sauti zilizomo na kuzitia katika mafaili ya kompyuta pasina kupungua kitu, na kuyaandikia mafaili hayo majina yake sawasawa.

Mimi si fundi wa mitambo. Skuli niliishia madarasa ya msingi, na iliyobaki nimeisoma kwa mashekhe. Lakini kazi hii nimeifuatilia kwa muda pamoja na vijana wetu. Nimeuliza na nimejibiwa, na nimeona kuwa nusu yake ni kazi ya fundi, na nusu yake ni kazi yetu sisi wazee. Na hiyo nusu yetu ndiyo itakayopotea kwanza tusipofanya haraka.

Ndugu zangu, kabati lile lina nini? Zamani darasa za walimu wetu zilirikodiwa kwa kanda. Kisha, katika miaka ya 2000, kanda zile zikahamishiwa katika CD zenye kuandikwa nyumbani kwa kompyuta, na kanda nyingi zikatupwa kwa kudhaniwa kuwa hazina kazi tena. Kwa hivyo tafsiri ya Ramadhani iliyosomeshwa na mwalimu aliyekwisha kufariki, khutuba za Idi, nasaha za ndoa, na Maulidi yaliyosomwa na wazee wetu, leo havipo mahali pengine po pote ila katika sahani hizi. Pamoja nazo zimo CD za kununua, zenye visomo vya Qur'ani vya wasomaji wa Misri na kwengineko. Aina mbili hizi yatupasa tuzitofautishe tangu mwanzo. CD ya kununua ikiharibika, mwenziwe hupatikana kwengine duniani. CD ya mwalimu wetu ikiharibika, imekwisha.

Nimesikia rai mbili mitaani mwetu. Wako wasemao: Zitieni sauti zote katika simu kwa ukubwa mdogo, kila mtu agaiwe, na sahani zitupwe, kabati lipate kazi nyingine. Na wako wasemao: Ziacheni kama zilivyo, zimekaa miaka yote hiyo, na zitakaa. Kwa heshima ya wenyewe, nasema rai zote mbili zina khatari. Ya kwanza hupoteza sauti kwa haraka, na ya pili huipoteza kwa uvivu. Nitaeleza sababu.

Kwanza tuijue CD yenyewe. Sahani hii ilitengenezwa kwa mapatano ya kampuni mbili, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, ambazo ziliandika kanuni zake mwaka 1980. Na mwezi wa Oktoba 1982 mashine zake na sahani zake zikaanza kuuzwa huko Japani. Upana wake ni sentimita 12, na huchukua sauti ya dakika 74, au 80 katika zile zilizojaa zaidi. Ndani yake hamna mfereji unaoiga mtikisiko wa sauti kama ulivyo katika santuri ya zamani. Ndani yake mna hesabu. Sauti hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde moja, upande wa kulia na upande wa kushoto, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja, hata kikaweza kuwa moja katika daraja 65,536.

Katika jambo hili mna neema kubwa. Kanda ukiinakili, nakala huwa dhaifu kuliko asili yake, na nakala ya nakala huwa dhaifu zaidi, mpaka sauti ya mtu ikawa kama mnong'ono nyuma ya pazia. Lakini hesabu ikinakiliwa sawasawa, nakala ni sawa na asili, na nakala ya mia ni sawa na ya kwanza. Ni kama mwandishi anayenakili kitabu herufi kwa herufi asiache hata nukta moja. Basi ikiwa Mungu ametujaalia kupata nakala isiyopungua, ni udhuru gani tutakaoutoa tukiridhika na nakala iliyopungua?

Walakini sahani yenyewe haidumu milele. Watu wengi huuogopea ule upande wa chini unaong'ara, na ule wa juu wakaudharau. Mambo ni kinyume cha hivyo. Upande wa chini una plastiki nene kupita kiasi cha milimita moja, na mkwaruzo mdogo wa plastiki aghalabu huweza kusafishwa. Upande wa juu, wenye maandishi, utando wa madini unaorudisha mwanga umefunikwa na rangi nyembamba tu. Ukiukwaruza kwa ncha ya kalamu, umeitoboa sauti yenyewe. Na CD za kuandika nyumbani zina udhaifu mwingine: maandishi yake yamo katika tabaka la rangi makhsusi, na rangi hiyo huchakaa kwa jua, kwa joto na kwa unyevu. Nanyi mwalijua joto la mji wetu huu na unyevu wa ziwa letu la Tanganyika. Sahani iliyosahauliwa dirishani, au ndani ya gari lililosimama juani, hufa pasina mtu kusikia kilio chake. Kwa sababu hii wale wasemao ziacheni zitakaa, hoja yao haisimami.

Sasa tuje katika kunakili. Huenda mtu akauliza: Kuna tabu gani? Si kuitia CD katika kompyuta na kubonyeza? Jawabu ni kwamba CD ya sauti ilibuniwa ili isikilizwe, haikubuniwa ili inakiliwe. Waliobuni walijua kuwa vumbi na mikwaruzo haviepukiki, wakatia ndani yake ufundi wa kusahihisha makosa, uliojengwa juu ya hesabu waliyoitoa Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, mwaka 1960. Kwa hesabu hiyo mashine huweza kurudisha tarakimu zilizofutika, ikiwa hazikuzidi kiasi. Zikizidi, mashine ya CD hufanya lingine: hutazama kipimo kilichotangulia na kinachofuata, ikakisia kilichokuwa baina yao, au hunyamaza kwa kitambo kidogo mno. Kwa msikilizaji hiyo ni hisani, kwani haoni kero. Kwa mwenye kunakili ni msiba, kwani makisio yameingia mahali pa maneno ya asili, na hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana pana programu zilizotengenezwa makhsusi kwa kazi hii. Katika kompyuta za Windows iko Exact Audio Copy, aliyoitunga Andre Wiethoff wa Ujerumani. Na katika kompyuta za Linux iko cdparanoia. Zote mbili hutolewa bila ya malipo. Programu hizi haziamini usomaji wa mara moja. Hurudia kupasoma mahali pale pale, zikalinganisha, na panapokhitilafiana huvisoma tena na tena, na pasipokubali kabisa hutoa khabari kuwa dakika fulani ina shaka. Kazi ikisha, huandika taarifa ya mambo yalivyokwenda. Taarifa hiyo isifutwe. Iwekwe pamoja na faili, maana ndiyo hati ya ushahidi wake.

Kwa CD za kununua upo msaada mwingine, uitwao AccurateRip. Huko huhifadhiwa muhuri wa hesabu wa nakala zilizofanywa na watu wengi wa nchi mbalimbali. Nakala yako ikilingana na zao, moyo hutulia, kwani ni vigumu watu wasiojuana, wenye sahani mbalimbali, wakosee kosa moja. Lakini CD ya darasa za mwalimu wetu haina mwenziwe duniani wa kulinganishwa naye. Shahidi wake hana budi kuwa sisi wenyewe. Kwa hivyo nawausia vijana: kila sahani ya aina hii isomwe mara mbili, na ikiwezekana kwa vyombo viwili mbalimbali vya kusomea, na muhuri wa hesabu wa mara ya kwanza ulinganishwe na wa mara ya pili. Wakipatana mashahidi wawili, andikeni kuwa imethibiti. Wasipopatana, ifuteni sahani kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala msiizungushe kitambaa kama afutaye sahani ya wali. Kisha someni tena kwa mwendo wa pole. Na lijueni hili mapema: kila chombo cha kusomea huanza mbele kidogo au nyuma kidogo ya mwenziwe, kwa kiasi ambacho sikio halikijui. Kiasi hicho kisipowekwa sawa katika programu, mihuri ya vyombo viwili haitalingana ijapokuwa sauti ni moja, na mtadhani pana kosa pasipo kosa.

Baada ya kuitoa sauti, tuitie katika chombo gani? Hapa ndipo penye ugomvi wa zile rai mbili. Sauti ya CD ikiachwa vivi hivi hula nafasi kama megabaiti 10 kwa dakika moja, yaani kama 635 kwa saa moja. Faili la MP3 la ukubwa wa kawaida wa kilobiti 128 huifanya saa hiyo kuwa megabaiti 58 tu. Mtu akisikia hivyo hufurahi, lakini na aulize: hizo nyingine zimekwenda wapi? Zimetupwa. MP3 huchagua katika sauti yale ambayo sikio linadhaniwa halitayasikia, ikayaacha, na yaliyoachwa hayarudi tena. Ikibanwa sana, zinazoumia kwanza ni sauti nyembamba za juu. Na nyinyi mashekhe mnajua kuwa huko juu ndiko zinakotofautiana sini na swadi na thaa. Mwanafunzi wa tajwidi anayejifunza kwa nakala iliyobanwa ni kama anayejifunza khati kwa kitabu kilicholowa maji.

Faili la aina ya FLAC lina tabia nyingine. Lilianzishwa na Josh Coalson, toleo lake kamili la kwanza likatoka mwaka 2001, na mwezi wa Disemba 2024 likaandikwa kuwa kanuni rasmi miongoni mwa kanuni za intaneti. Halina mwenye kudai ada juu yake, na kanuni zake zi wazi kwa kila mtu. Kwa hivyo hata kampuni zikifa, wajukuu wetu wataweza kulifungua. FLAC huipunguza sauti kwa kuikunja, wala haiikati. Kanzu ukiikunja sandukuni hula nafasi ndogo, na siku ya Idi ukiikunjua ni ile ile. Lakini ukiikata mikono ili sanduku lifunge, siku ya Idi utavaa kisibau. Saa moja ya sauti ikitiwa katika FLAC aghalabu hubaki kama nusu ya ukubwa wake, na darasa ya mtu mmoja anayesema huweza kushuka chini ya hapo. Diski moja ya kompyuta ya terabaiti moja yaweza kuchukua zaidi ya saa 3,000 za namna hii. Kabati letu lote litaingia, na nafasi itabaki.

Tena ndani ya kila faili la FLAC mna muhuri wa hesabu ya sauti yenyewe. Wakati wo wote kompyuta ikitakiwa ilikague faili, itasema kama limesalimika au limeharibika. Amana inayoweza kukaguliwa ni bora kuliko amana ya kudhania.

Basi hukumu yangu baina ya wagomvi ni hii: FLAC iwe ndiyo asili, ikae kwa Jumuiya, na kutokana na hiyo asili zitolewe nakala ndogo za MP3 za kugaiwa watu katika simu zao. Kila mtu atapata haki yake. Lakini njia hii ina upande mmoja tu. Mtu akichukua MP3 akaigeuza kuwa FLAC, hakurudisha kitu. Amelitia tunda lililokwisha kuliwa nusu katika kikapu kizuri. Na katika kabati mna sahani chache ambazo si CD za sauti, bali ni sahani za kompyuta zilizojazwa mafaili ya MP3, khasa zile zenye Qur'ani nzima katika sahani moja au mbili. Hizo zinakiliwe yale mafaili yake kama yalivyo, wala msijisumbue kuyageuza.

Nimefika sasa katika ile nusu ya kazi iliyo yetu sisi wazee, nayo ni majina.

Ndugu zangu, CD ya sauti kwa kawaida haina majina ndani yake. Ina idadi ya vipande na urefu wa kila kimoja, basi. Tangu mwaka 1996 iliwekwa kanuni ya kutia maandishi ndani ya CD, lakini sahani nyingi hazina. Yale majina mnayoyaona yakitokea katika kompyuta mkiitia sahani hayatoki katika sahani. Yanatoka katika madaftari makubwa yaliyomo katika intaneti, kama lile la MusicBrainz, ambayo watu wameyajaza kwa kujitolea. Kompyuta hutazama idadi ya vipande na urefu wake, kisha hutafuta sahani inayofanana. Kwa kisomo mashuhuri hilo hufaa, japo majina ya Kiarabu huandikwa kwa sura tano au sita, na kila moja huhesabiwa kuwa mtu mbali. Kwa darasa zetu halifai kabisa. Kijana mmoja wetu alitia sahani yenye kipande kimoja tu, nacho ni tafsiri ya Suratu Yasin. Daftari la intaneti likaona urefu umelingana na sahani ya ngoma za nchi za Ulaya, likaipa jina hilo. Tulicheka, lakini kama asingekuwa macho, sauti ya mwalimu wetu ingalizikwa chini ya jina la wapiga ngoma, na nani angalikwenda kuitafuta huko?

Liko na baya kuliko hilo. Miaka michache iliyopita, katika simu za watu wa mji huu ilizunguka sauti ya darasa yenye jina la mmoja katika walimu wetu marehemu, na ndani yake mlikuwa na neno katika mas-ala ya mirathi. Watu wa nyumba mbili wakalishika neno lile, huyu kwa faida yake na yule kwa hasara yake, wakakatana salamu. Mzee mmoja aliyesoma kwa marehemu miaka mingi aliposikilizishwa, alisema kwa mara ya kwanza tu: Hii si sauti yake, wala yeye hakuwa akisema hivyo katika mas-ala haya. Nyumba zile zikapatana. Mzee yule naye leo ametangulia mbele ya haki. Neno jengine la namna hiyo likizuka kesho, tutamsikilizisha nani?

Wanavyuoni wa Hadithi hawakutazama maneno peke yake. Waliuliza: Umeyapokea kwa nani, na yeye kwa nani? Neno zuri lisilo na mapokezi waliliweka kando. Basi vile vitambulisho vinavyoandikwa ndani ya faili ndiyo mapokezi yake. FLAC ina mahali pa kuandika jina la somo, jina la msemaji, jina la mkusanyo, nambari ya sahani, nambari ya kipande, tarehe, na maelezo mengineyo kwa urefu uutakao. Herufi za Kiarabu pia hukubaliwa, kwa hivyo jina laweza kuandikwa kwa khati zote mbili. Zamani kidogo, katika mtindo wa kwanza wa MP3 wa mwaka 1996, jina halikuweza kupita herufi 30, hata majina ya mashekhe yakakatwa shingoni. Leo hatuna udhuru huo. Tena kitambulisho chaweza kusahihishwa baadaye pasina kuigusa sauti.

Nitatoa mfano wa Qur'ani mpate kuona kuwa jina la msomaji peke yake halitoshi. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1980, ndiye ambaye kisomo chake kamili cha murattal kilirikodiwa na kutolewa mwaka 1961, kikawa cha kwanza cha namna yake. Alisoma kwa riwaya ya Hafs, na akasoma pia kwa riwaya ya Warsh. Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad (1927–1988) ana kisomo cha murattal na ana kisomo cha mujawwad. Ukiandika "al-Husary, Suratul-Baqara" na ukanyamaza, mwanafunzi anayehifadhi kwa Hafs ataweza kuangukia Warsh, akadhani msomaji amekosea, au akageuza hifadhi yake. Kwa hivyo andikeni msomaji, riwaya, na namna ya kisomo. Na kwa kuwa Suratul-Baqara, yenye aya 286, haienei katika CD moja kwa kisomo cha kawaida, andikeni kila kipande kimeanzia aya gani na kimeishia aya gani. Nambari za sura ziandikwe kwa tarakimu tatu, 001, 002, mpaka 114. Msipofanya hivyo, vyombo vingi vitaipanga sura ya 10 na ya 100 mbele ya sura ya 2.

Kwa darasa za walimu wetu, naomba kila faili liwe na mambo haya saba: nani anasema, kitabu gani au mas-ala gani, mahali gani, tarehe, au mwaka, au hata "Ramadhani kabla ya kufariki fulani", nani aliyerikodi, imetoka katika kanda au moja kwa moja, na nani miongoni mwa walio hai aliyeitambua sauti. Hilo la saba msilidharau. Na lisilojulikana liandikwe: Halijulikani. Asije mtu akajaza nafasi kwa kubahatisha ili orodha ipendeze. Nafasi iliyo wazi humwalika ajuaye aje aijaze. Nafasi iliyojazwa uwongo humfukuza. Mwanachuoni hapungukiwi na heshima kwa kusema sijui.

Wazee wamesema: Mali bila daftari hupotea bila khabari. Pamoja na vitambulisho vya ndani ya faili, liwepo na daftari la karatasi, lenye nambari ya kila sahani, kwa mwandiko unaosomeka, maana umeme hukatika na kompyuta hufa, na daftari hubaki.

Nina maombi manne mbele ya Jumuiya.

La kwanza: iwekwe siku moja katika kila juma, baada ya swala ya Alasiri, ambapo wazee watatu au wanne wataketi pamoja na vijana wawili, sauti zikachezwa, na wazee wakasema: Huyu ni fulani, na hapa ni msikiti fulani, na yule anayekohoa nyuma ni baba yake fulani. Kijana ataandika. Kazi hii itangulizwe kuliko zote. Sahani yaweza kungoja mwezi mmoja kabatini. Mzee wa miaka themanini hatuna mkataba naye.

La pili: zianzwe CD za walimu wetu, na katika hizo zianzwe zile kongwe na zenye alama za kuchakaa. Visomo vya kununua vije mwisho.

La tatu: mafaili yawe na nakala tatu, na moja katika hizo ikae nyumba nyingine, mbali na ofisi ya Jumuiya, kwani moto na mwizi havibishi hodi. Kila mwaka, siku kama ya leo, zikaguliwe zote. Na sahani zenyewe zisitupwe. Zifungwe ndani ya makasha yake, zisimamishwe wima, mahali penye kivuli na pakavu. Huenda baadaye chombo bora kikasoma kilichotushinda sisi.

La nne: tuichunge haki ya watu. Visomo vilivyonunuliwa vina wenyewe. Tuvinakili kwa kuhifadhi, tusivifanyie biashara. Na nasaha za ndoa na maneno ya misiba yana siri za nyumba za watu. Yasitoke katika simu mpaka jamaa wa wahusika wameulizwa na wameridhia.

Enyi vijana, nyinyi mna mikono iepesi katika mashine hizi, na sisi tuna masikio yanayozijua sauti zile. Mkono bila sikio utahifadhi sauti isiyo na mwenyewe, na sikio bila mkono litakwenda kaburini na ilimu yake. Tukikutana sasa, mtoto atakayezaliwa Buyenzi baada yetu ataweza kumsikia mwalimu wa babu yake, akajua kwa yakini kuwa ni yeye, wala neno lake halikukatwa.

Namuomba Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu waliotangulia, azijaalie kaburi zao nuru, awape umri na afya wale waliobakia, na atuwezeshe kuitimiza amana hii kabla haijatuponyoka mikononi. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.